Barua Isiyofika: Taarifa za Vifo vya Vita na Jamaa za Wana-Kariokor

Utangulizi

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha barua rasmi katika Kidato cha Tatu. Niliwataka wanafunzi wataje barua ambayo hakuna mtu angependa kuipokea. Mmoja alitaja barua ya kufukuzwa shule, mwingine ya kuachishwa kazi. Msichana aliyeketi nyuma akasema, "Mwalimu, ni ile ya kuambiwa mtu wako amekufa vitani." Darasa likanyamaza. Baada ya kitambo jirani yake akauliza, "Na wale waliopelekwa Kariokor, jamaa zao waliandikiwa nini?"

Siku hiyo sikuwa na jibu la kuridhisha. Makala haya ni juhudi ya kulitoa. Yanachunguza jinsi familia zilivyoarifiwa kuhusu vifo vya watu wao vitani, hasa katika Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), na kuulinganisha utaratibu wa Uingereza na yaliyozipata familia za wapagazi wa Afrika Mashariki. Hoja yangu ni kwamba taarifa ya kifo ni matini kama matini nyingine. Ina nafsineni, ina anayesemeshwa, ina toni na ina mambo inayoyaficha. Anayetaka kujua dola ilimthamini nani asitosheke na hotuba za dola hiyo. Na aisome barua iliyoandikiwa wafiwa. Pale ambapo hapana barua, na ausome ukimya.

Safari ya jina

Tuanze na Uingereza, kwa kuwa ndiyo iliyoviendesha vita vilivyowachukua watu wetu, na utaratibu wake ndio utakaokuwa kipimo chetu. Mwanajeshi wa Uingereza alipoandikishwa alimtaja jamaa yake wa karibu: mke, mama, baba au mwingine. Jina na anwani ya jamaa huyo viliwekwa katika kumbukumbu za jeshi. Shingoni mwanajeshi alivaa kibati cha utambulisho. Mwanzoni kibati kilikuwa kimoja tu. Kilipovuliwa ili kuthibitisha kifo, mwili ulibaki bila jina. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 1916 jeshi lilianza kutoa vibati viwili: kimoja kisafiri na taarifa, kingine kibaki na mwili.

Habari ya kifo ilitoka kikosini ikaenda makao makuu, kisha ikafika katika ofisi ya kumbukumbu iliyokuwa na wajibu wa kuiandikia familia. Hapa palikuwa na matabaka. Jamaa za maafisa walipelekewa simu ya maandishi, ambayo aghalabu ililetwa mlangoni na kijana wa posta. Jamaa za askari wa kawaida walitumiwa fomu katika bahasha, Fomu ya Jeshi B.104-82. Aliyetoweka alikuwa na fomu yake, B.104-83. Aidha, orodha za waliokufa, waliojeruhiwa na waliotoweka zilichapishwa magazetini, na watu wakazisoma kila asubuhi kwa hofu.

Ikumbukwe kwamba kutoweka kulikuwa na uchungu wa aina yake. Aliyetoweka huenda alikuwa mateka, huenda alilazwa katika hospitali fulani, huenda alizikwa na kombora. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uingereza kilianzisha idara maalumu ya kuwatafuta majeruhi na waliotoweka. Wahudumu wake walizunguka hospitalini wakiwauliza majeruhi: Ulimwona fulani? Alianguka wapi? Majibu yalipelekwa kwa familia. Vita vilipokwisha, jamaa za marehemu walipewa bamba la shaba lenye jina lake. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 1.3. Cheo hakikuandikwa juu yake, kwa maana wote walihesabiwa kuwa wametoa sadaka moja.

Basi tukiufuata mkondo huu tangu mwanzo, tunaona kwamba jina lilikuwa na njia yake ya kurudi nyumbani. Lilitoka shingoni, likaenda kikosini, likaenda ofisini, likafika mlangoni, na hatimaye likatundikwa ukutani. Palikuwa na makosa na ucheleweshaji mwingi. Hata hivyo, njia ilikuwapo, na mtu angeweza kuilalamikia ilipokatika.

Kuisoma fomu kama matini

Mwalimu wa Kiswahili akiishika fomu ile mkononi, atauliza maswali anayoyauliza kuhusu shairi. Nani anasema? Anayesema ni ofisi. Karani anatia sahihi, lakini si yeye aliyefiwa wala si yeye aliyeona mtu akifa. Anasemeshwa nani? Ni jamaa mmoja aliyetajwa kwa jina. Muundo wake ni upi? Ni sentensi zilizokwisha chapishwa, zenye mapengo ya kujazwa nambari, cheo, jina, kikosi, mahali, tarehe na namna ya kifo. Maneno ya masikitiko yalipigwa chapa kwa maelfu. Jina tu ndilo lililojazwa kila mara upya. Toni yake ni baridi, lakini ndani ya ubaridi huo mna jambo kubwa: dola inakiri kwamba mtu huyu alikuwa wake, na kwamba kuna mtu mahali fulani anayestahili kuambiwa.

Mara nyingi baada ya fomu ilifuata barua ya pili, kutoka kwa kamanda au kasisi wa kikosi. Humo ndimo tafsida ilimotawala. Kamanda aliandika kwamba marehemu alipigwa risasi akafa papo hapo, hakupata maumivu, na alipendwa na wenzake wote. Barua za namna hiyo zilikuwa nyingi mno hata haiwezekani zote ziwe zilisema kweli. Je, ulikuwa uongo? Mtahiniwa anayejua matumizi ya tafsida atasita kabla ya kujibu. Mwandishi alikuwa akimsetiri mama.

Jamii zetu zina ustadi wao katika jambo hili. Mjumbe wa msiba haropoki. Hufika, huketi, huomba maji ya kunywa, huulizia hali ya nyumbani. Husema fulani ni mgonjwa sana, au mzee anawataka nyumbani upesi. Anayeambiwa huelewa kabla neno halijatamkwa. Mjumbe huwa ni mtu mzima, mwenye uhusiano na mji ule, atakayebaki kumshika mfiwa akianguka. Kwa hivyo sajili ya kutangaza kifo haikuletwa kwetu na posta. Ilikuwapo, nayo ilikuwa na kanuni kali.

Kariokor

Sasa tulijibu swali la mwanafunzi. Neno Kariokor limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi kilichoundwa mwaka wa 1914 na kusimamiwa na Oscar Watkins. Nairobi ina mtaa na soko la Kariokor. Dar es Salaam ina Kariakoo. Majina hayo mawili ni makumbusho ambayo watu huyakanyaga kila siku wakinunua kamba, vyondo na nyanya bila kufahamu yametoka wapi.

Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa katika nchi isiyokuwa na barabara za kutosha, ambamo mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na maksai. Mzigo ulibebwa na binadamu. Kutoka nchi hii peke yake walichukuliwa zaidi ya watu 150,000. Wachache walikwenda kwa hiari. Wengi walishurutishwa, hasa katika msako mkubwa wa mwaka wa 1917 ambapo machifu walitakiwa kutoa idadi maalumu ya vijana. Walibeba risasi, unga na majeruhi kuelekea kusini, hadi Rufiji na ng'ambo yake. Walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Hesabu rasmi inataja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliochunguza suala hili wanaiona hesabu hiyo kuwa ndogo, na baadhi yao wanakadiria idadi inayokaribia 100,000.

Je, jamaa zao waliandikiwa nini? Jibu fupi ni kwamba wengi mno hawakuandikiwa chochote. Watkins na wasaidizi wake walijitahidi kuweka orodha, na mtu alipoandikishwa alipewa nambari. Hata hivyo, orodha haikuweza kwenda sambamba na kifo. Watu walichukuliwa kwa haraka, majina yakaandikwa na makarani wasioijua lugha ya mtu, kijiji kikatajwa kwa jina la chifu, na mpagazi aliyeanguka njiani akaachwa kando ya njia. Zaidi ya hayo, hata pale jina lilipojulikana, hapakuwa na posta ya kulifikisha katika boma la mama asiyejua kusoma. Habari ilitegemea mwenzake aliyerudi. Asiporudi mwenzake, habari haikurudi pia.

Ushahidi wa ukimya huo ulibaki katika vitabu vya hesabu. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa ilikaa bila kudaiwa. Ingedaiwaje na mtu ambaye hakuambiwa kwamba mwanawe amekufa? Maafisa kadhaa, Watkins akiwa miongoni mwao, walitaka fedha hizo ziwafikie wenyewe au zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika. Mabishano baina ya Nairobi na London yaliendelea hadi miaka ya 1930, na fedha hazikuzifikia familia.

Hapa pana kinaya ambacho mtahiniwa hapaswi kukipita. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanaume akalazimika kubeba kipande ndani ya kijaluba cha chuma, aghalabu akikivaa shingoni, ili akitoroka kwa mwajiri apatikane. Serikali iliyoshindwa kulirudisha nyumbani jina la mfu ilifaulu kulitundika jina la aliye hai shingoni mwake. Kumbe uwezo wa kuandika majina ulikuwapo. Kilichotofautiana ni haja.

Wafiwa walivyojitungia taarifa

Nyanya yangu, mzaa baba, alikuwa na babu aliyechukuliwa Kariokor kutoka Nyanza. Nilipokuwa mwanafunzi nilimuuliza, "Dani, mlijuaje kwamba alikufa?" Akanijibu, "Hatukujua, nyakwara. Tulichoka kungoja." Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko tarehe zote nilizokariri.

Kutojua kulikuwa na matokeo halisi. Mke wa mtu aliyetoweka hakuwa mke kamili wala mjane. Hakuweza kunyolewa nywele za msiba, kwa kuwa msiba haukutangazwa. Hakuweza kurithiwa na ndugu wa mume, kwa kuwa mume huenda angetokea jioni moja na gunia begani. Shamba halikuweza kugawanywa. Mtoto hakuweza kupewa jina la marehemu, kwa kuwa marehemu hakuwa marehemu. Karatasi moja ya ofisi, hata ingekuwa baridi namna gani, ingeyafungua mafundo hayo yote.

Jamii ililazimika kutafuta namna nyingine. Miongoni mwa Wajaluo, mtu aliyefia mbali asionekane mwili wake huzikwa kwa kutumia yago, tunda refu la mti wa mwegea. Tunda hulazwa kaburini mahali pa maiti, na matanga huendeshwa kama kawaida. Katika lugha ya wahakiki tungesema kwamba yago ni ishara inayosimama mahali pa kitu kisichokuwapo. Kwa familia, ni zaidi ya ishara. Ni tamko. Wazee wameketi, wamepima miaka, wameamua, nao wanatangaza mbele ya watu: Mtu wetu amekufa. Taarifa ambayo serikali haikuitoa, ukoo unajitolea wenyewe.

Mbolezi nazo zilifanya kazi hiyo. Mwimbaji wa mbolezi humtaja marehemu kwa jina lake, jina la baba yake, mahali alikotoka na sifa zake. Tukitazama kwa makini, hayo ndiyo mapengo ya fomu B.104-82: jina, kikosi, mahali, namna ya kifo. Tofauti ni kwamba mbolezi huyajaza kwa sauti ya anayempenda, nayo hutolewa mbele ya umma badala ya kufichwa ndani ya bahasha. Walimu wanaofundisha umuhimu wa mbolezi katika Karatasi ya Tatu wanaweza kuongeza nukta hii: mbolezi huhifadhi historia pale ambapo kumbukumbu za serikali zimenyamaza.

Baba aliyengoja na mnara usio na majina

Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, upo mnara wenye sanamu tatu za shaba: askari wa KAR, mpagazi na mpiganaji Mwarabu. Ulizinduliwa mwaka wa 1928. Maandishi yake yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu. Aliyetunga maneno hayo ni Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Uingereza.

Kipling aliijua barua ya msiba. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alitoweka katika mapigano ya Loos, Ufaransa, mwishoni mwa Septemba 1915, akiwa na umri wa miaka 18 na majuma machache. Kwa kuwa John alikuwa afisa, simu ya maandishi iliifikia familia baada ya siku chache tu. Ilisema ametoweka. Kipling na mkewe walitumia miaka wakiwahoji askari waliorudi, wakiandika barua, wakitafuta mtu aliyemwona akianguka. Alikuja kuwa mjumbe wa Tume ya Makaburi ya Vita iliyoundwa mwaka wa 1917, akaandika pia historia ya kikosi cha mwanawe, iliyochapishwa mwaka wa 1923. Kipling alifariki mwaka wa 1936 bila kulijua kaburi la John. Ilikuwa hadi mwaka wa 1992 ambapo Tume ilitangaza kulitambua.

Mtu huyu, aliyejua uchungu wa kungoja kuliko wengi, ndiye aliyeandikiwa kazi ya kuwasemea wapagazi wetu. Maneno yake katika mnara yanawaita mikono na miguu ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni nzuri. Lakini uzungukeni mnara mzima na wanafunzi wenu mkiwa katika ziara: hamtaona jina hata moja la mpagazi. Jiwe linaahidi kwamba majina yatakumbukwa, na lenyewe halina jina. Sijaona mfano bora wa kinaya wa kumpa mwanafunzi wa Kidato cha Pili.

Halikuwa jambo la bahati mbaya. Kanuni ya Tume ilikuwa kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina, katika jiwe la kaburi au katika mnara, bila kubaguliwa kwa cheo au rangi. Kanuni hiyo ilipofika Afrika Mashariki ilikunjwa. Ripoti ambayo Tume yenyewe, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, iliichapisha Aprili 2021 ilikiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au huenda hawakukumbukwa kabisa. Barua za maafisa wa miaka ya 1920 zilizonukuliwa humo zinadai kuwa Waafrika hawangethamini mawe ya makaburi, na kwamba kuyajenga kungekuwa kufuja fedha za umma. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni mwezi huo huo. Tangu wakati huo Tume imekuwa ikitafuta majina katika kumbukumbu za zamani, zikiwemo zilizohifadhiwa Kenya. Kwa baadhi ya familia, basi, barua iko njiani. Imechelewa kwa miaka mia moja na zaidi.

Upande wa Wajerumani haukuwa bora. Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa askari mtoto katika jeshi la Kijerumani, na baba yake pia alilitumikia jeshi hilo. Mwaka wa 1929 alifika Berlin, na huko akaidai mishahara yake na ya marehemu baba yake ambayo haikulipwa. Alikataliwa. Alibaki huko, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, na akafa mwaka wa 1944 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Mwana aliyedai haki ya baba yake aliyekufa akawa naye mtu wa kutafutwa. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Afterlives (2020) inasimulia mkasa unaokaribiana na huo: dada anaishi miaka mingi bila kujua yaliyompata kaka yake aliyejiunga na jeshi la Wajerumani, na habari inakuja kupatikana na mtu wa kizazi kinachofuata, katika makavazi ya Ujerumani. Gurnah ameufanya ukimya wa ofisi kuwa uti wa mgongo wa msuko.

Kutoka posta hadi simu ya mkononi

Katika Vita vya Pili vya Dunia (1939–1945) hali ilibadilika kiasi. Askari wengi zaidi walijua kusoma na kuandika, barua zilisafiri kati ya Burma na vijijini, na gazeti la Kiswahili la Baraza lilianza kuchapishwa nchini mwaka wa 1939. Taarifa ya kifo ilipitia kwa mkuu wa wilaya, ikashuka kwa chifu, naye akaipeleka nyumbani. Mjumbe akawa mtu tena, ingawa alikuwa mtu wa serikali, yule yule aliyekuja kudai kodi.

Mfano mchungu ni wa meli ya Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mapema Februari 1944 kuelekea Ceylon, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Takribani 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora, nayo ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300. Hawana kaburi ila bahari. Hata hivyo, majina ya askari wa Afrika Mashariki waliozama yameandikwa katika mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Anayetoka Kenyatta Avenue akaenda huko ataona kwa macho yake tofauti kati ya kutajwa na kutotajwa.

Wamarekani nao walijifunza somo hili kwa gharama. Mnamo Novemba 1965, baada ya mapigano ya bonde la Ia Drang nchini Vietnam, simu za maandishi za vifo zilipelekwa kwa wake wa askari na madereva wa teksi. Julia Moore, mke wa kamanda mmoja katika mapigano hayo, alichukizwa. Alizifuata simu hizo nyumba kwa nyumba kuwafariji wajane, akahudhuria mazishi, na akalalamika kwa wakuu. Jeshi likabadilisha utaratibu: habari ipelekwe na afisa akifuatana na kasisi. Jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani lilifikia pale pale walipokuwa wazee wetu, kwamba habari ya kifo hupelekwa na mtu mzima, ana kwa ana, naye huketi.

Nasi hatujavuka. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa na kundi la al-Shabaab. Miili mingine ililazimu kutambuliwa kwa vipimo vya chembechembe za urithi. Kwa muda mrefu serikali haikuitangaza idadi kamili ya waliokufa, na katika siku za mwanzo uvumi na picha vilienea katika simu za mkononi huku familia zikingoja neno rasmi. Yaweza kuelezwa kwamba jeshi lina siri zake na kwamba adui husikiliza. Hilo ni kweli. Lakini kati ya kumwarifu adui na kumwarifu mama pana nafasi kubwa, na serikali inayojiheshimu huitafuta nafasi hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba taarifa ya kifo vitani ni deni. Afisa alilipwa kwa simu, askari wa kawaida wa Uingereza kwa fomu, na mpagazi wa Kariokor hakulipwa. Tumeona pia kwamba wafiwa hawakukaa mikono mitupu: walizika yago, waliimba mbolezi, walisimuliana. Fasihi simulizi ilifanya kazi ya ofisi.

Baada ya kufanya utafiti huu nilirudi darasani na kuwapa wanafunzi zoezi. Waandike, kwa niaba ya serikali, barua ambayo ingalipaswa kuifikia familia ya mpagazi mwaka wa 1918. Walijua anwani ya mtumaji, walijua mtajo na lugha ya adabu, walijua pa kutia sahihi. Walipofika kwenye jina la marehemu walikwama. Msichana aliyeanzisha mjadala aliacha pengo, akapiga mstari. Nilimuuliza kwa nini hakubuni jina lolote. Akasema, "Mwalimu, nikibuni, nitakuwa nimemwandikia mtu mwingine." Nilimpa alama zote.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha nafsineni na toni katika fomu ya kijeshi ya kutangaza kifo na katika mbolezi ya jamii yako.

2. "Tafsida ni uongo wenye huruma." Jadili kauli hii ukirejelea barua za makamanda kwa wafiwa.

3. Eleza kinaya kinachojitokeza katika (a) mnara wa askari wa Nairobi. (B) matumizi ya kipande baada ya mwaka wa 1918.

4. Mhoji mzee mmoja kijijini kwenu kuhusu mtu wa ukoo aliyekwenda vitani asirudi. Andika ripoti fupi, ukitaja jina lake kamili kama linavyokumbukwa.